Mkojo Ukipungua Ghafla, Figo Zipigwe Picha Siku Hiyohiyo

Kila asubuhi benchi la nje ya chumba ninachofanyia kazi huwa limejaa wajawazito. Wanakuja kuangaliwa mtoto: amekaaje, kondo liko wapi, moyo unapigaje. Ni haki yao. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24, na mashine nyingi zilizofika kwenye hospitali za wilaya na vituo vya afya vya huku pwani zililetwa kwa ajili yao. Lakini mashine ni ileile. Ukiutoa mkono wake chini ya kitovu ukaupandisha hadi ubavuni, unaziona figo.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mgonjwa ambaye figo zake zimeanza kushindwa kazi ghafla anaweza kulala wodini siku nne, hatua chache kutoka kwenye mashine iliyowashwa na mtu anayejua kuitumia, bila kuletwa. Anakuja kuletwa siku ya tano, uso umevimba, pumzi zinakata, na karatasi yake imeandikwa kwa haraka. Kwa baadhi ya wagonjwa, siku hizo nne ndizo zilizokuwa na tiba.

Figo za mtu mzima ziko mbili, nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12. Kati ya damu yote inayosukumwa na moyo, karibu sehemu moja ya tano hupitia humo. Kwa siku moja huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu, zikarudisha karibu yote mwilini, na kutoa lita moja na nusu au mbili hivi za mkojo. Kiungo chenye kazi kubwa namna hiyo kikikosa damu kwa muda, kikiingiliwa na sumu, au kikizibiwa njia ya kutolea mkojo, huumia upesi. Ndani ya saa au siku chache taka hurundikana kwenye damu, potasiamu hupanda hadi kuuhatarisha moyo, na maji huanza kujaa mapafuni.

Sababu zake tunaishi nazo. Malaria kali. Kuharisha na kutapika bila kurudishiwa maji. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au aliyepata kifafa cha mimba. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani na kumezwa wiki nzima, na mitishamba ambayo hakuna anayejua kipimo chake. Watu wengi wakisikia habari za figo hufikiria ugonjwa wa miaka mingi, ule wa kisukari na presha, unaoishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Huu ni mwingine. Unaweza kumpata kijana aliyekuwa analima juzi, na ukiwahiwa, mara nyingi figo hurudi kazini.

Mwaka 2013 Chama cha Kimataifa cha Wataalamu wa Figo kilianzisha kampeni ya kukomesha vifo vinavyozuilika vya ugonjwa huu ifikapo 2025. Makadirio waliyoyachapisha mwaka 2015 yalisema watu milioni 13.3 huupata kila mwaka na milioni 1.7 hufa, na kwamba asilimia 85 ya wanaougua wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka wa lengo umeshafika na vifo havijaisha. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ni ya kuchelewa, na kuchelewa kwingine kunatokana na kipimo chenyewe tunachokitegemea.

Kipimo hicho ni kreatinini, taka itokanayo na misuli, ambayo figo nzima huiondoa kwenye damu. Kwa vigezo vya kimataifa vya 2012, ikipanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ikifika mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida cha mgonjwa ndani ya siku saba, basi figo zimejeruhiwa. Tatizo ni kwamba hupanda taratibu. Figo zinaweza kuumia leo asubuhi na karatasi ya maabara ikaja kusema kesho, au keshokutwa. Mtu aliyekonda sana ana misuli kidogo, kwa hiyo kreatinini yake huanzia chini; ikipanda maradufu bado inaweza kusomeka kama ya kawaida. Mjamzito naye huanzia chini, kwa sababu figo zake huchuja zaidi wakati wa mimba.

Kigezo kingine ni mkojo wenyewe: chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa saa sita mfululizo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni chini ya mililita 180 kwa saa sita, kiasi kisichojaza glasi moja. Kipimo hiki hakina gharama, kinataka chombo chenye alama na mtu wa kuandika. Nesi akiniambia mkojo wa mgonjwa wake umepungua tangu alfajiri, kwangu hiyo inatosha kumpisha mbele ya foleni. Kina mama wa benchini wakielezwa huwa hawanung'uniki.

Ultrasaundi haina mionzi. Ni sauti, kali kupita uwezo wa sikio, inayoingia mwilini na kurudi. Penye maji inapita bila kurudi, na kwenye kioo panatokea peusi. Penye nyama inarudi kwa kiasi, panakuwa pa kijivu. Penye mafuta, mfupa au jiwe panang'aa. Figo ya kulia ndiyo rahisi kuipata, maana ini limelala juu yake. Unampaka mgonjwa jeli, unamwambia avute pumzi na kuibana, ini linashuka, na figo inateremka nalo hadi inaingia yote kwenye kioo: ukingo wa kijivu, unaotakiwa uwe wa rangi ya ini au mweusi kidogo kuliko ini, na katikati sehemu inayong'aa ya mafuta na mishipa. Figo ya kushoto imejificha nyuma ya utumbo wenye hewa, na hewa ni adui wa sauti. Hiyo unaitafuta kwa nyuma, mgonjwa akiwa amelala ubavu, na wakati mwingine unahangaika nayo.

Ninapima urefu, natazama unene wa ukingo, kisha naangalia ile sehemu ya katikati kama imefunguka. Mambo hayo matatu hujibu maswali mawili ambayo maabara haiwezi kuyajibu. La kwanza: je, huu ni ugonjwa wa leo au wa zamani? Figo yenye sentimita 7, ukingo mwembamba uliong'aa kuliko ini, imekuwa ikifa kwa miaka. Figo yenye ukubwa wake na ukingo wake mnene bado ina kitu cha kuokolewa. La pili: je, njia imeziba?

Kuna mzee mmoja mvuvi aliyeletwa na bintiye, tumbo limejaa, kwikwi haikatiki, chakula hakipiti. Kreatinini yake ilikuwa imepita mikromoli 900 kwa lita. Kule walikotoka walikuwa wameambiwa figo zimekufa, wajipange kwenda Dar es Salaam kusafishwa damu, na ndugu walikuwa wameshaanza kuzungumzia kuuza mashua. Daktari wetu wa zamu alisema apigwe picha kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mkojo unatoka?"

"Unatoka. Tena unadondoka wenyewe, nguo hazikauki."

Bintiye alitikisa kichwa kukubali. Kwa wote wawili, mkojo unaolowesha nguo ni mkojo unaotoka, kwa hiyo mahali pengine pote walipoulizwa walijibu kwamba upo. Nilipoweka mkono wa mashine chini ya kitovu, kioo chote kilikuwa cheusi. Kibofu kilikuwa kimepanda hadi kitovuni, kimejaa kiasi cha kufurika, na kilichokuwa kinadondoka ni ziada. Nilipanda ubavuni. Figo zote mbili zilikuwa zimefunguka katikati, matawi meusi yameachana, mkojo umerudi nyuma umekosa pa kwenda. Lakini ukingo ulikuwa mnene, na urefu sentimita 11. Chini ya kibofu, tezi dume lilikuwa limevimba limebana mlango.

Mimi ni mpigaji wa picha, uamuzi wa tiba ni wa daktari. Nilimwita, akaja akatazama kioo, na mpira wa mkojo ukawekwa palepale wodini. Ulitoka zaidi ya lita moja, na saa zilizofuata ulitoka mwingine mwingi, lita baada ya lita. Hilo ni jambo la kuangaliwa sana, kwa sababu figo zikifunguliwa baada ya kuziba zinaweza kumwaga maji na chumvi kuliko mwili unavyostahimili. Manesi walipima kila chombo na kurudisha kwa dripu. Kreatinini ilishuka siku hadi siku. Hakusafishwa damu, na baadaye tezi lilishughulikiwa. Mashua haikuuzwa.

Si kila kizuizi kinaondoka kwa urahisi hivyo. Mlango wa kizazi uko jirani mno na mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Kati yao kuna kama sentimita 2. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu zinazoumia nayo zaidi duniani, ikitambaa kwenda pembeni huibana mirija hiyo. Ikifika hapo, figo kuvimba peke yake kunatosha kuupandisha ugonjwa hadi hatua ya tatu. Wapo wanawake ambao dalili ya kwanza kuwaleta hospitali haikuwa damu, ilikuwa uchovu na kichefuchefu cha figo zilizozibwa. Kwa hawa daktari huweza kupitisha mrija mdogo mgongoni, akiongozwa na ultrasaundi hiyohiyo, ili mkojo utoke wakati tiba ya saratani inapangwa.

Na kipo kichocho. Minyoo yake, ambayo Theodor Bilharz aliigundua Cairo mwaka 1851, hutaga mayai kwenye kuta za kibofu na sehemu za chini za mirija. Kwa miaka mayai hayo huacha makovu, na makovu hubana. Huku pwani, Unguja na Pemba, na kandokando ya Ziwa Viktoria, kijana anaweza kubeba figo moja iliyovimba bila maumivu yoyote. Siku akipata malaria kali au akiharisha sana, ile figo moja nzima iliyokuwa inambeba ndiyo inaangushwa, na watu wanashangaa alivyozidiwa ghafla. Ndiyo maana kila kijana mwenye historia ya kukojoa damu utotoni nampima kibofu na figo zote, hata kama karatasi imeandika tumbo tu.

Sasa niseme kwa uzito uleule upande wa pili. Wengi wa wanaojeruhiwa figo ghafla hawana kizuizi, na picha yao ya kawaida huonekana nzuri tu. Picha safi si cheti cha uzima wa figo. Inachosema ni kwamba njia haijaziba, kwa hiyo daktari aende kutafuta kwingine: maji, presha, damu, malaria, dawa. Hilo nalo ni jibu, na linaokoa muda. Upo pia mtego wa saa za mwanzo, kwani kizuizi cha leo asubuhi, hasa kwa mgonjwa aliyekauka maji, huenda kisionyeshe uvimbe wowote hadi kesho. Mjamzito figo yake ya kulia hufunguka kidogo hata akiwa mzima. Na kibofu kilichojaa sana kinaweza kuzifungua figo zisizo na ugonjwa. Hapo unamwomba mgonjwa akakojoe, kisha unarudia. Anayepiga picha bila kurudia anaweza kumtisha mtu bure.

Mashine nyingi za sasa hazionyeshi umbo peke yake. Kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, zinaonyesha pia mwendo wa damu, mbele kwa rangi moja na nyuma kwa nyingine. Ukiweka alama juu ya mshipa mdogo ndani ya figo unapata mawimbi, na kutoka kwenye mawimbi hayo unakokotoa jinsi damu inavyopata taabu kuingia. Kipimo hicho kilielezwa na Mfaransa Léandre Pourcelot mwaka 1974, kikipita 0.7 mara nyingi huhesabiwa kuwa cha juu. Kwa muda mrefu ilitarajiwa kwamba namba hiyo ingetangulia kreatinini. Mimi siitegemei peke yake. Umri, ugumu wa mishipa na mapigo ya moyo vyote huivuta huku na kule, na tafiti za wagonjwa mahututi zimeonyesha kwamba haitoshi kutabiri nani atapona na nani hatapona.

Lililonivutia zaidi miaka hii linatoka Montreal, Kanada. Mwaka 2020 William Beaubien-Souligny na wenzake walichapisha kazi juu ya wagonjwa 145 waliopasuliwa moyo. Badala ya kutazama damu inavyoingia kwenye figo, walitazama inavyotoka. Walipima mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo, kama umefika sentimita 2, kisha mawimbi ya mishipa ya ini na ya figo. Wale ambao mishipa yao ilionyesha msongamano mkubwa ndio ambao figo zao zilielekea zaidi kuumia. Ni kama mtaro wa mtaa uliofurika wakati wa masika: nyumba inajaa maji kwa sababu kule chini hayaendi, na ukifungulia bomba unaizamisha.

Hapa kuna somo kubwa kwa wodi zetu. Mazoea ni kwamba mkojo ukipungua, mgonjwa atundikiwe dripu. Kwa aliyeharisha hiyo ndiyo dawa. Kwa mama ambaye moyo wake umelegea baada ya kujifungua, au kijana mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, dripu hiyo inaweza kuziua figo ilizokusudiwa kuziokoa. Wagonjwa wa aina hizi mbili wanaweza kuwa na kreatinini inayofanana na mkojo uliopungua kwa kiasi kilekile. Mshipa mkuu ulio tambarare, unaojifunga kila pumzi, na mshipa mnene usiotikisika huonekana tofauti kabisa kwenye kioo, na kuutazama ni kazi ya dakika mbili.

Mbele ya hapo kuna zana ambazo bado nyingi ziko kwenye utafiti au hospitali kubwa. Kuna viputo vidogo vya gesi vinavyochomwa kwenye mshipa ili ultrasaundi ione damu ilikofika na ilikokatika. Vinatoka kwa pumzi, havitolewi na figo, na vinaweza kuonyesha ukingo wa figo uliokufa kwa kukosa damu, kama inavyotokea baada ya uzazi wenye damu nyingi. Kuna MRI inayopima oksijeni. Damu iliyopoteza oksijeni huvutwa na sumaku tofauti na ile iliyoshiba, na mwaka 1996 Pottumarthi Prasad na wenzake walionyesha kwamba tofauti hiyo inasomeka ndani ya figo za binadamu. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu sehemu ya ndani ya figo huishi kwa oksijeni kidogo mno hata mtu akiwa mzima, na kwa kawaida ndiyo huumia kwanza. Siku mashine itakapoweza kutuambia kwamba sehemu hiyo imeanza kukosa hewa kabla kreatinini haijapanda, matibabu yatabadilika. Nina imani tutafika.

Naulizwa pia kuhusu dawa za kung'arisha picha. Ile yenye madini ya joto, inayotumika kwenye CT scan, iliogopwa sana kwamba inaharibu figo. Mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hatari ilikuwa imekuzwa, na kwamba wa kuchukuliwa tahadhari hasa ni wale ambao figo zao tayari ziko chini sana au zimejeruhiwa. Ile ya gadolinium, ya MRI, ilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa wagonjwa wa figo, na aina zilizokuwa na hatari zaidi zimepunguzwa matumizi. Mwambie mpigaji picha kwamba una shida ya figo kabla sindano haijachomwa.

Kwa wenzangu wanaosimamia hospitali, ombi langu ni moja: katika ratiba ya ultrasaundi ya kila siku iachwe nafasi ya mgonjwa wa wodini aliyepungukiwa mkojo, na daktari wa zamu awe na ruhusa ya kumleta hata usiku. Pale asipokuwapo mtaalamu wa picha, waganga na wauguzi wafundishwe mambo mawili tu, kukiona kibofu kilichojaa na kuiona figo iliyofunguka.

Na wewe msomaji, ukiwa unauguza mtu mwenye malaria, anayeharisha, aliyejifungua karibuni, au mzee anayelowesha nguo, pima mkojo wake kwenye chombo. Ukiona haujai glasi tangu asubuhi hadi adhuhuri, usingoje kesho. Mpeleke hospitali, chukua na dawa zote alizokunywa, za dukani na za mitishamba, kisha uliza kama figo na kibofu vitapigwa picha leo. Kipimo chenyewe huchukua dakika kama 10. Hakina sindano, hakihitaji mgonjwa afunge kula, na asiende kukojoa kabla hajaonekana.